Fundisho juu ya Mugongo na Viungo Vinavyouma: Wakati wa Kupumzika na Wakati wa Kutembea



Tufikiri juu ya watu wawili wanaofika hospitali asubuhi moja. Wa kwanza ni mama anayelima mihogo. Siku 5 zilizopita aliinama kuinua kitunga kizito, akasikia maumivu katika kiuno kama mutu aliyechomwa kisu. Tangu siku ile analala kitandani. Binti yake ameacha masomo ili ateke maji na kupika. Wa pili ni kijana anayesukuma chukudu, akipeleka makala na viazi katika mji wa Goma. Mugongo wake unauma tangu miezi 4. Hajapumzika hata siku moja, kwa sababu asipofanya kazi watoto wake hawali.

Wote wawili wanasema neno moja mbele ya munganga: "Mugongo unaniuma." Lakini munganga anamwambia mama: "Ondoka kitandani, utembee." Na kijana anamwambia: "Acha chukudu leo hii. Ubaki hapa."

Je, munganga amekosea? Hapana. Maumivu yao yana jina moja, lakini ugonjwa wao si mumoja. Katika fundisho hili tutajifunza kutambua tofauti hiyo, na tutajifunza kazi ya viungo, maana yake namna ya kuponyesha maumivu kwa kutembeza mwili na kuuzoeza kidogo kidogo. Katika hospitali nyingi za Kongo, mutu anayefanya kazi hii anaitwa kine. Kazi yake kubwa ni kukufundisha wewe mwenyewe, ili uifanye nyumbani kila siku.

1. Mwili unataka kutembea

Mufupa mumoja unakutana na mufupa mwingine mahali panapoitwa kiungo: goti, kiwiko, bega, kifundo cha muguu. Kamba ngumu zinafunga mifupa hiyo pamoja. Nyama za mwili zinavuta mifupa, ndipo kiungo kinakunjwa na kunyooshwa.

Umeona bawaba ya mulango usiofunguliwa muda murefu. Inashika kutu, na siku ya kuufungua inalia. Viungo vyetu ni hivyo. Mutu akilala kitandani juma 2 au 3, nyama za miguu zinapungua, viungo vinakuwa vigumu, naye akisimama anatetemeka. Halafu anasema: "Ugonjwa umezidi." Lakini si ugonjwa peke yake uliozidi, kitanda pia kimemudhoofisha.

2. Mugongo unaouma tu

Watu wengi wenye maumivu ya kiuno hawana mufupa uliovunjika wala ugonjwa mubaya. Nyama na kamba za mugongo zimechoka au zimevutwa sana. Kazi yetu inaleta jambo hili mara nyingi: kulima siku nzima kwa jembe lenye mupini mufupi, kubeba kuni kwa kamba inayopita juu ya paji la uso, kuinua bidoni la maji la lita 20, ambalo uzito wake ni kilo 20. Maumivu ya namna hii yanapungua kwa watu wengi katika majuma machache.

Zamani wanganga wenyewe walikuwa wakisema: "Lala kitandani hata upone." Leo hatusemi hivi tena. Mwaka wa 1995 wanganga wa Helsinki, katika inchi ya Finland, waliandika habari ya wagonjwa wa mugongo waliowagawanya katika makundi matatu. Kundi moja walilala siku 2, kundi moja walipewa mazoezi ya mugongo, na kundi moja waliambiwa waendelee na kazi zao za kila siku kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Kundi hili la mwisho ndilo lililopona upesi zaidi. Kwa hiyo, kama maumivu ni makali sana, pumzika siku moja au mbili, lakini kila saa uondoke utembee kidogo ndani ya nyumba. Kisha rudia kazi nyepesi.

Fanya hivi nyumbani:

(a) Weka kitambaa chenye joto juu ya kiuno kwa dakika 15 au 20. Kisiwe cha moto sana, kisiunguze ngozi.

(b) Lala chali juu ya mukeka, ukunje magoti. Shika goti moja kwa mikono miwili, ulivute polepole kuelekea kifua. Hesabu mupaka 5, uliache. Fanya vile vile kwa goti la pili. Mara 10 kila upande.

(c) Ukiwa bado chali na magoti yamekunjwa, inua matako juu hata mwili uwe sawa toka mabega mupaka magoti. Hesabu mupaka 5, ushuke polepole. Mara 10. Hili linatia nguvu nyama za matako na za mugongo.

(d) Lala juu ya tumbo. Inua kifua, ujitegemeze kwa viwiko. Kaa hivi muda wa kupumua mara 5, kisha ushuke. Kama maumivu yanateremka zaidi katika muguu, acha zoezi hili.

(e) Tembea kwa miguu kila siku, kwanza dakika 10, kisha 15, kisha 30.

Tena, angalia namna unavyobeba. Ukitaka kuinua kitu, kisogelee, tanua miguu, kunja magoti, ukikaze karibu na tumbo, ndipo usimame. Usigeuze kiuno wakati unapoinua, geuza miguu. Afadhali kuteka lita 10 mara mbili kuliko lita 20 mara moja. Katika shamba, usiiname toka asubuhi hata mchana. Lima mistari michache, simama, weka mikono kiunoni, unyooshe mugongo nyuma mara 5, kisha uendelee. Tia jembe mupini murefu. Nanyi waume, musiwaachie wake zenu muzigo wote wa kuni na maji. Dawa ya maumivu ya mugongo katika nyumba nyingi ni mikono miwili zaidi.

3. Mugongo unaotaka hospitali upesi

Sasa turudi kwa kijana wa chukudu. Munganga alipomuuliza, alisema maumivu hayamwachi hata usiku. Jioni anasikia homa, na usiku anatoka jasho hata shuka inalowa. Nguo zake zimekuwa kubwa kwa sababu amekonda. Munganga alipopapasa mugongo wake, alikuta mufupa mumoja umetokeza nje. Huu ni ugonjwa wa kifua kikuu ulioingia katika mifupa ya mugongo. Watu wengi wanafikiri kifua kikuu ni kikohozi tu. Sivyo. Percivall Pott, munganga wa Uingereza, aliandika mwaka wa 1779 habari za watu waliopinda mugongo na kupooza miguu, na mpaka leo ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake. Mutu anaweza kuwa nao bila kukohoa.

Kama kijana huyu angeendelea kusukuma na kubeba, mufupa uliooza ungeweza kuvunjika na kubana uzi wa mugongo, naye angepooza miguu yote miwili. Wengine wangesema amelogwa. Lakini dawa iko. Inamezwa miezi mingi, na mugonjwa asiache hata akijisikia vizuri, mupaka munganga aseme. Katika miezi hiyo habebi mizigo, wala mutu yeyote asikande au kukanyaga mugongo wake.

Enda hospitali, usingoje, ukiona moja la mambo haya:

— Maumivu pamoja na homa, jasho la usiku, au kukonda.
— Maumivu yasiyopungua usiku wala muchana, yanayozidi juma kwa juma.
— Mufupa wa mugongo umetokeza nje, au mugongo unapinda.
— Mutoto mudogo anayelia kwa mugongo, anayekataa kuinama au kucheza.
— Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka toka muti, au katika ajali ya motokari au pikipiki.
— Mutu aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa kansa, au muzee aliyepatwa na maumivu makali mara ya kwanza.
— Muguu unalegea, au unaburuta vidole chini.
— Mukojo umezuilika au unatoka wenyewe, choo kinatoka bila kujua, au ngozi ya katikati ya mapaja haisikii. Hili ni jambo la siku ile ile. Usilale nyumbani usiku mumoja zaidi.

4. Kifundo cha muguu kilichoteguka

Mutu amekanyaga jiwe, au amecheza mupira, na muguu umegeuka. Kifundo kinavimba. Je, mufupa umevunjika? Wanganga wa Ottawa, katika Kanada, walionyesha mwaka wa 1992 namna rahisi ya kupima. Kama mutu anaweza kukanyaga hatua 4, hata kwa kuchechemea, na ukibonyeza mifupa miwili inayotokeza kando ya kifundo hasikii maumivu makali juu ya mufupa wenyewe, wala katika mifupa ya katikati ya wayo, basi inaelekea haukuvunjika. Kama hawezi hatua 4, au mufupa unauma sana ukibonyezwa, apelekwe kupigwa picha ya mifupa.

Siku 2 za kwanza: apumzishe muguu. Auinue juu ya kiti au gogo wakati wa kukaa. Aweke kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Afunge kwa kitambaa, lakini kisikaze sana; vidole vikiwa baridi au vya rangi ya bluu, kifunguliwe. Usikubali mutu avute muguu kwa nguvu, wala ausugue sana, wala achanje kwa wembe. Damu imetoka ndani; kusugua kwa nguvu kunaongeza damu hiyo, na wembe unaingiza uchafu na magonjwa.

Baada ya siku 2: aanze kutembeza kifundo. Akiwa amekaa, aandike hewani kwa kidole kikubwa cha muguu herufi zote toka A mupaka Z, mara 3 kwa siku. Akanyage kadiri anavyoweza, akitegemea fimbo. Baadaye asimame karibu na ukuta, ainuke juu ya vidole na kushuka, mara 10. Kisha asimame kwa muguu ule mumoja akihesabu mupaka 30. Zoezi hili la kusimama kwa muguu mumoja ni la maana sana, kwa maana kifundo kilichoteguka kinasahau kujishika. Ndiyo sababu vijana wengi wanategua muguu ule ule tena na tena. Asirudi katika mupira hata aweze kuruka kwa muguu ule bila maumivu.

5. Mukono uliovunjika, na kamba inayoua

Ndugu na dada, hapa tunaomba musome polepole, kwa kuwa hapa watoto wanapoteza mikono.

Mutoto ameanguka toka muti wa maembe, mukono umevunjika. Mara nyingi anapelekwa kwanza kwa mutu wa kijiji anayefunga mifupa kwa vijiti na kamba. Wengine wana ujuzi wa kweli na moyo mwema. Lakini mukono uliovunjika unaendelea kuvimba baada ya kufungwa. Vijiti haviongezeki, kamba haiongezeki; basi damu inakosa njia. Nyama zikikosa damu saa 6 tu, zinaanza kufa. Mutoto analia usiku, na wazazi wanasema: "Nyamaza, mufupa ndio unaunga." Asubuhi halii tena. Wanafurahi. Kumbe mukono hausikii kitu kwa sababu umekufa.

Basi, mutoto akifungwa vijiti, au hata plasta ya hospitali, uangalie vidole vyake kila saa siku ile na usiku wa kwanza. Ukiona vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vya bluu, au vimevimba sana, au havisikii. Au maumivu yanazidi badala ya kupungua. Au analia sana ukinyoosha vidole vyake: fungua kamba mara moja, hata kama ni usiku, na umupeleke hospitali. Kama ni plasta, kimbia naye hospitali bila kungoja asubuhi. Usiogope kwamba munganga atakasirika. Mufupa uliounga vibaya unaweza kutengenezwa tena. Mukono uliokufa hauwezi kufufuka.

Wakati plasta iko, vidole na bega vitembezwe kila siku, visishike kutu. Plasta ikiondolewa, wazazi wengine wanaogopa: mukono ni mwembamba, mugumu, na ngozi imekauka. Hili si ajabu. Utie mukono katika beseni la maji ya vuguvugu dakika 10, na ndani ya maji ufanye hivi: funga ngumi na kuifungua mara 20, kunja kifundo cha mukono juu na chini, geuza kiganja kiangalie juu, kisha kiangalie chini. Mara 3 kwa siku. Mutoto anyooshe kiwiko mwenyewe. Mutu mwingine asikivute kwa nguvu, wala kumubebesha ndoo ili kinyooke. Kuvuta kwa nguvu kunaweza kukizidishia kiwiko ugumu.

6. Magoti ya wazee

Wazee wengi wanasikia maumivu katika magoti wakiamka, wakishuka kilima, au wakisimama toka kiti. Kiungo kimechakaa kwa kazi ya miaka mingi. Hakiwi kipya tena, lakini nyama za paja zikiwa na nguvu, zinabeba sehemu ya uzito, na goti linapata nafuu.

Kaa juu ya kiti. Nyoosha muguu mumoja hata uwe sawa, kaza paja, hesabu mupaka 5, ushushe. Mara 10 kila muguu, asubuhi na jioni. Kisha zoeza kusimama toka kiti na kukaa polepole bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, hata ufike mara 10. Tembea kila siku. Fimbo ushike katika mukono wa upande mwingine, si upande wa goti linalouma: goti la kuume likiuma, fimbo iwe mukono wa kushoto. Watu wengi wanakosea hapa. Mutu munene akipunguza uzito, magoti yake yatashukuru. Lakini goti likivimba ghafula, likiwa la moto pamoja na homa, hili ni jambo la hospitali upesi.

7. Maumivu ya mazoezi na dawa za soko

Utauliza: "Nikifanya mazoezi nasikia maumivu kidogo. Niache?" Fikiri juu ya hesabu toka 0 mupaka 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu, na 10 ni makali kabisa. Maumivu ya 3 au 4 wakati wa zoezi, yanayotulia mbele ya asubuhi ya kesho, hayana hatari. Kama asubuhi yamezidi, umefanya mengi. Upunguze, lakini usiache.

Dawa ya parasetamoli inasaidia kidogo, kusudi mutu aweze kutembea. Mutu mukubwa asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja. Vidonge vikali vya maumivu, kama diklofenaki, vinauzwa ovyo katika soko. Vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na mama mwenye mimba asivimeze bila munganga kumuruhusu. Tena, usitafute sindano ya matako kwa mutu asiyefundishwa. Sindano ikipiga mushipa mukubwa wa fahamu unaopita pale, muguu unaweza kulegea, na hilo limepata watoto wengi.

8. Mwisho wa habari ya wale wawili

Mama wa mihogo alirudi nyumbani kwa miguu yake, akafanya mazoezi juu ya mukeka pamoja na binti yake. Baada ya juma 2 alikuwa shambani saa chache kila asubuhi, na binti alikuwa amerudi shuleni.

Kijana habari yake ni ndefu zaidi. Dawa alipewa, lakini tumbo la watoto halingoji miezi. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa namna yake wanashindwa: wanajisikia vizuri kidogo, wanarudi kwa chukudu, wanaacha vidonge, na wanapooza. Kijana huyu alisaidiwa na watu wa kanisa lake. Walipanga zamu; vijana wawili walisukuma chukudu yake siku 3 kila juma, na fedha wakaigawa naye. Munganga alimupa dawa, kine alimufundisha mazoezi, lakini ni zamu ile iliyomuwezesha kumaliza dawa. Jirani yako akiambiwa asibebe muzigo, usimwambie tu "pole". Uliza ni muzigo gani, kisha uuchukue.

Maulizo ya kujibu

1. Kwa nini munganga alimwambia mama atembee, na kijana apumzike?
2. Taja alama 5 za mugongo unaotaka hospitali upesi.
3. Mutoto aliyefungwa plasta analia usiku na vidole vyake ni baridi. Utafanya nini, na lini?
4. Goti la kushoto linauma. Fimbo ushike mukono gani?
5. Ni nani katika kijiji chako aliyekatazwa kubeba mizigo, na nani anamusaidia?